Alisema ahsante: mabanati (mabinti) wetu, gati letu na haki ya njia

#1 BintiWaDaka (mwenye uzi)

Assalam aleikum wana wa mui wa Lamu, mlio nyumbani na mlio ugenini.

Nimeuandika uzi huu mara tatu nikaufuta. Leo nautuma ulivyo, makosa yake mnisamehe.

Alhamisi nilikuwa narudi kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, na boti ya jioni. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa sana. Wanaolijua gati wanajua ngazi za chini zinavyokuwa siku kama hizo: ukoga mtupu, na boti iko chini kiasi kwamba hata mtu mzima hana budi kuvutwa. Mbele yangu alikuwapo msichana wa shule, miaka 14 au 15, sare na hijabu, begi kubwa mgongoni. Kijana wa boti alikuwa amesharukia ngazini, akanyoosha mkono kumpandisha. Mkono ukapita kwapani, ukateremka kifuani, ukakaa. Nasema ukakaa, kwa sababu najua tofauti ya mkono ulioteleza na mkono uliokaa. Msichana akakaza uso kama anayemeza shubiri, akapanda, akaweka begi lake sawa, akasema, "Ahsante."

Alimwambia ahsante. Hilo ndilo lililoninyima usingizi siku tatu.

Kwenye boti tulikuwa kumi na kitu. Walioona hawakupungua wanne. Mmoja mzee wa kanzu, mtu wa kuheshimika, akaanza kukitazama kisiwa cha Manda kama hajapata kukiona maishani. Na mimi? Nina miaka 38, nina watoto watatu, si mtu wa kuogopa kumkemea kijana. Nilishika kapu langu nikanyamaza.

Kutoka gatini mpaka kwetu Langoni ni mwendo wa dakika saba. Siku hiyo niliamua kuhesabu. Mlio wa mdomo, ule wa kuitia paka, mara mbili. "Mama watoto, unaniacha na nani?" mara moja, na huyo ni rika la mpwa wangu. Mwingine alinifuata kichochoroni hatua kama ishirini bila neno, kisha akakata kona akicheka. Hiyo ni jioni ya kawaida. Siku nyingine zote ni vile tu nilikuwa sihesabu.

Sitaki tuandikiane pole. Nataka kuuliza hivi: watu wanaokaa barazani kazi yao ni nini? Katika mji wetu huwezi kwenda popote usipite mbele ya watu waliokaa. Madaka ya milango ya nyumba, baraza za misikiti, maduka ya njia kuu ya Usita wa Mui, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Macho yamejaa. Yanajua binti wa fulani kabadilisha mtandio. Imekuwaje mkono ule hayakuuona?

#2 Mlinda_Mila

Dada yangu, tusifichane. Zamani mabanati walijisitiri na mambo haya hayakuwapo. Leo buibui la kubana, manukato mtaa mzima, simu sikioni, kicheko kinasikika mpaka Shela. Ukianika samaki usimlaumu paka.

#3 Kaimati_Moto

Mtoto alivaa sare na hijabu na begi la vitabu. Samaki gani huyo? Na kwa nini kila uzi wa namna hii lazima aje mtu na paka wake?

#4 Somo_wa_Shela

Mlinda_Mila mwanangu, unalipenda sana neno zamani, na mimi ndiye wa zamani. Bibi yangu alikuwa akihadithia shiraa: hema la kitambaa, linabebwa kwa vijiti, mwana wa kiungwana anatembea ndani asionekane na mtu. Waliobeba vijiti ni nani? Vijakazi. Wao walikuwa nje ya kitambaa, ndia (njia) ile ile, mbele ya wanaume wale wale. Nani aliwasitiri? Kwenye hadithi za sitara kipande hicho hakisimuliwi.

Nyumba zetu nazo. Wikio limepita juu ya kichochoro ili mke atoke nyumba hii aende ile asiteremke chini. Ndia ilikuwa ya wanaume, tuseme kweli. Lakini yeo wajukuu wetu wanateremka: shule, benki, hospitali, boti. Na sisi ndio tunaowataka wateremke, karo tunalipa wenyewe. Sasa wakiteremka, ndia ni ya nani?

La mwisho kisha ninyamaze. Mimi nimevaa buibui la kamba tangu udogo wangu. Nilikuwa na miaka 13 nilipobanwa ukutani kichochoroni, mwezi wa Ramadhani, magharibi inakaribia na watu wameshaingia majumbani. Nilikuwa nimebeba bakuli la futari kupeleka kwa jirani. Aliyenibana hakuona kwangu hata ukucha. Bakuli lilivunjika. Nyumbani nikapigwa kwa kuvunja bakuli.

#5 Mpita_Ndia

Bi mkubwa, hapo umenimaliza. Nimekaa chini, naendelea kusoma.

#6 Maalim_wa_Chuoni

Mlinda_Mila, kwa kuwa unazungumza kwa niaba ya mila na dini, nikujibu kwa dini. Suratun Nur, aya ya 30, inawaanza waumini wanaume: wainamishe macho yao. Ya wanawake ni ya 31. Mpangilio huo si wangu.

Na kuhusu swali la mwenye uzi, limeshajibiwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Hadithi ya Abu Said al-Khudri, imo katika Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Wakasema hawana budi, hapo ndipo wanapozungumza mambo yao. Akawaambia, ikiwa hamna budi basi ipeni njia haki yake. Wakauliza haki ya njia ni ipi. Akasema: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Hesabu mwenyewe. Baraza zetu za leo zimebaki na kurudisha salamu. Macho tunayainamisha kweli, lakini kwenye simu.

#7 Mlinda_Mila

Maalim, sikupinga aya. Lakini ya 31 nayo ipo.

#8 Maalim_wa_Chuoni

Ipo. Wewe ni mwanamume, anza na ya 30. Ukiimaliza nijulishe.

#9 Ngazi_ya_Chini

Mimi ni mtu wa boti, ruti hiyo hiyo ya Mokowe. Nimesoma hapa nikaona haya.

Nilipoanza ubaharia, nahodha wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kupandisha abiria kabla hajanifundisha kushika usukani. Alisema: mwanamke humshiki, yeye ndiye anayekushika. Unafumba ngumi, unakaza mkono kama mtaimbo, unamtolea kigasha, hapa kati ya kiwiko na kiganja. Anajishikilia hapo, anajivuta mwenyewe. Ngumi ikiwa imefumbwa huna kidole cha kupapasia hata shetani akikujia. Na akiwa ni mama mzito au mwenye mtoto mchanga, unamwita mwanamke mwenzake amshike upande wa pili, wewe unazuia boti isicheze.

Vijana wa sasa hakuna aliyewaonyesha. Anachukuliwa leo, kesho yuko gatini, mwalimu wake ni vicheko vya wenzake.

Halafu kuna kamba. Pembeni mwa zile ngazi pakifungwa kamba nene yenye mafundo mpaka chini majini, abiria hatahitaji mkono wa mtu. Nilishawahi kulisema hilo mbele ya wenye boti. Nikajibiwa tutaona.

#10 Kaimati_Moto

Ngumi! Wallahi sijawahi kufikiria. Sisi wanawake tuna pini ya mtandio. Kila mwanamke wa hapa anaijua kazi yake ya pili, hasa siku za Maulidi watu wakisongamana. Mama yangu alinipa pini yangu ya kwanza nikiwa darasa la sita, akasema hii ya mtandio, na hii ya pembeni "ya wasiosikia". Nilicheka. Juzi nimempa binti yangu, na safari hii sikucheka.

#11 Abiria_wa_Maweni

Salamu kutoka Malindi. Nyinyi mna boti, sisi tuna steji na tuktuk.

Stejini ukiteremka tu, manamba wawili wameshakamata mikono, wa tatu amekushika kiuno, kila mmoja anakupeleka kwenye gari lake. Ukilalamika unaambiwa ni biashara, wanatafuta abiria. Mbona mwanamume hashikwi kiuno? Yeye anaitwa kwa mbali, "Mzee, Mombasa?" Akitikisa kichwa, basi.

Tuktuk nako kuna kioo. Kile kidogo cha ndani, cha kutazamia nyuma. Niliingia siku moja, kabla hatujaondoka nikamwona dereva anakigeuza taratibu mpaka kikanitazama kifuani. Nikamwambia, kaka, barabara iko mbele. Akacheka, akakirudisha. Tulipofika pale penye matuta kikawa kimeshateremka tena. Nilishuka nikalipa nusu ya nauli na kupiga picha ya namba yake. Alitukana sana, lakini alipoona simu alianza kuniita "dadangu".

Na wageni tusiwasahau. Huku ufukweni mzee wa miaka 70 anamshika mkono mtoto wa kuuza vikuku, watu wanageuza shingo kwa sababu mgeni ana pesa. Ripoti ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006 ilitutaja Malindi pamoja na Mombasa, Kilifi na Kwale kwa kutumiwa watoto kingono na watalii na wenyeji pia. Ile sehemu ya "wenyeji pia" watu huku huiruka wakisoma.

#12 Karani_Mstaafu

Nimekaa mahakamani miaka mingi, nikiandika ya wengine. Niweke machache mezani.

Kinachoitwa "utani" gatini kina jina. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 11A: kumgusa mtu mzima matiti, makalio au sehemu za siri kwa makusudi bila ridhaa yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Aliyeguswa akiwa chini ya miaka 18, kifungu cha 11, kifungo hakipungui miaka 10. Rudia kusoma. Mkono ule wa Alhamisi, kama ulivyoelezwa na mwenye uzi, ni wa miaka 10.

Kumvua mwanamke nguo hadharani: mwaka 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo kwenye vituo vya matatu Nairobi na wenzao kuandamana mwezi wa Novemba, bunge liliongeza kifungu kwenye Kanuni za Adhabu. Kifungo hakipungui miaka 10.

Sasa upungufu wake. Kifungu cha 23, kinachotaja hasa kunyanyasa kingono, kinamhusu mwenye mamlaka au cheo: bosi, ofisa, mtu wa namna hiyo, anayeng'ang'ania. Kijana wa maskani (kijiweni) anayekuita kwa mdomo hana cheo, kwa hiyo miluzi na maneno yake yanapita katikati ya vidole vya sheria hiyo. Kwa hayo hakuna jela itakayotusaidia, tunarudi kwenye baraza za Maalim.

Na jambo ambalo huku pwani tunalikosea sana: maslaha. Wazee wanakaa, baba wa huyu na baba wa yule, mbuzi anachinjwa, kesi "imeisha". Haiishi. Kifungu cha 40 kinasema kesi ya ngono haiondolewi na familia wala na polisi, ni mwendesha mashtaka mkuu tu anayeamua. Nimeona majalada yakifufuka wakati nyama ya mbuzi imeshasahaulika.

Namba za bure: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto. Kituoni uliza dawati la jinsia. Ukishapigwa au kuumizwa, fomu ya polisi ya P3, ile anayoijaza daktari, mapema, kabla ya kuoga na kufua.

#13 Wa_Maskani

Nimefungua akaunti mpya ili niandike hili. Mimi ni miongoni mwa hao vijana.

Mnadhani tunawaita kwa sababu tunawataka. Sivyo. Mtu akiwa peke yake hathubutu. Tunawaita ili waliokaa nasi wasikie. Msichana ni kama mpira tu, wanaocheza ni sisi kwa sisi. Asiyeita anaulizwa, "Vipi, unaumwa?"

Siku moja alipita binti amevaa ninja, uso wote umefunikwa ila macho. Mwenzangu akamwita, maneno mabaya, ya mwilini. Nikacheka na wenzangu. Kisha nikaona viatu. Nilivinunua mimi Idi iliyopita, nikamletea dada yangu.

Sikusema kitu. Hata mwenzangu mpaka leo hajui. Nyumbani dada hakunishtaki kwa mama. Wiki nzima aliniwekea chakula mezani bila kunitazama. Angenitukana ningepumua.

#14 BintiWaDaka (mwenye uzi)

Wa_Maskani, nimekusoma mara mbili. Sina la kukuambia ila hili: umekwenda kuzungumza naye?

#15 Wa_Maskani

Bado.

#16 Amu_hadi_Toronto

Mimi ni mwana wa Mkomani niliyetupwa na maisha huku Canada. Nilete kitu cha huku. Mwaka 1989 shirika moja la wanawake wa Toronto, METRAC, lilianza mtindo wa ukaguzi wa njia. Wanawake wenyewe wanatoka usiku na karatasi, wanatembea njia wanazopita kila siku, wanaandika: hapa taa hakuna, hapa sioni anayekuja mbele, hapa nikipiga ukelele nani atasikia, hapa nikikimbia natokea wapi. Kisha karatasi inapelekwa kwa wanaohusika, wajibu. Mtindo umeenea miji mingi tangu hapo, kwa sababu haugharimu kitu ila miguu.

Najua mji wetu ni Urithi wa Dunia tangu 2001, hubomoi kona wala hupanui kichochoro. Taa je? Taa haibomoi ukuta.

#17 Mlinda_Mila

Na punda wakilala katikati ya njia na taa ikiwaka, tutawaona vizuri zaidi.

(Natania. Wazo si baya.)

#18 Somo_wa_Shela

Naona mnasema sana. Niwape la kufanya, na halihitaji cheo.

Ukiona binti anasumbuliwa, usianze na kijana. Anza na binti. Msalimu kama unayemjua: "Mwanangu, mamako hajambo? Mbona hukuja kuchukua ule ufunguo?" Ufunguo haupo. Lakini binti atakuelewa hata hujamaliza, atakusogelea, mtafuatana. Yule kijana atabaki na maneno yake mdomoni. Mkishafika mbali, kama unamjua mzazi wake, hapo ndipo uende.

Kisha swali. Hapa kwetu tuna swali moja lenye nguvu kuliko rungu: "Huyu ni mwana wa nani?" Halijapata kukosa jibu Lamu. Kosa letu ni kwamba tumekuwa tukimuuliza binti. "Wewe mwana wa nani unayepita saa hizi?" Aulizwe aliyekaa akaita. Tena kwa sauti, baraza zima lisikie.

Na wewe BintiWaDaka, nakuomba. Usiende mitaani kuuliza yule msichana wa gatini ni wa nyumba gani. Nia yako njema, lakini kufika Ijumaa atakuwa amekuwa "yule aliyeshikwa", na jina la aliyemshika litakuwa limesahaulika. Kama ni kufikisha, pitia kwa mwalimu wa kike, kimya kimya.

#19 BintiWaDaka (mwenye uzi)

Narudi baada ya majuma matatu, wengine mmekuwa mkiniuliza faraghani.

Kuhusu msichana, Bi Somo, nimefanya ulivyosema na sitaandika zaidi. Yuko na watu wazima wanaojua kazi yao. Yule kijana hayuko tena kwenye boti ile, na yaliyobaki si ya uzi.

Ukaguzi tuliufanya. Tulikuwa wanawake sita, baada ya isha, tochi moja na daftari la mwanangu la hisabati. Tulianzia gatini tukapanda mpaka juu, tukashukia Langoni. Niseme kitu ambacho sikukitegemea: giza halikuwa baya kama tulivyodhani. Palikuwa na pembe tatu za giza kabisa, moja nyuma ya msikiti, moja palipobomoka nyumba, na moja ambapo taa ipo ila tawi la mwembe limeifunika. Hizo tumeziandika na barua imepelekwa. Lakini mahali ambapo sote sita tuliharakisha hatua bila kuambiana palikuwa na taa nzuri kuliko pote. Ni mbele ya maskani.

Tukasimama. Mwenzetu mwenye daftari akawasalimu mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Mmoja wao akauzima muziki. Hatukutoa hotuba, tuliomba maji ya kunywa tukapewa.

Kamba nayo imefungwa. Ngazi_ya_Chini alikuja mwenyewe na mafundo aliyapiga yeye, sitamtaja. Jana nimerudi kutoka Mokowe, maji ya kupwa tena. Kijana mwingine kabisa alikuwa ngazini, akatoa kigasha, ngumi imefumbwa mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, uso kautazamisha juu kama anayepiga picha ya pasipoti. Wasichana wawili wa shule walikuwa mbele yangu. Wa kwanza aliutazama ule mkono, akautazama mkono wake mwenyewe, akashika kamba. Wa pili naye kamba. Walipanda huku wakibishana kuhusu mtihani wa kemia.

Hakuna aliyesema ahsante.

#20 Ngazi_ya_Chini

Yule kijana ni mwanangu. Nimemwambia asikaze uso namna ile, anatisha abiria.

#21 Mlinda_Mila

Nimepita gatini asubuhi nikaitazama hiyo kamba. Fundo la juu limefungwa kiholela. Kusi ikianza litaachia. Nitakuja nalo jingine Jumamosi, baada ya alasiri, mtu anisubiri na msumari wa kutobolea.